Mbuzi Isiyolia: Vyombo vya Nyumbani na Mwanafunzi wa Kiswahili

Kila mwanafunzi aliyepitia shule za Kenya amekutana na mbuzi mara mbili. Mara ya kwanza ni mbuzi afugwaye, alaye majani na kulia zizini. Mara ya pili ni katika somo la vitawe, ambapo hufundishwa kwamba mbuzi pia ni kifaa cha kukunia nazi. Huliandika jibu hilo daftarini, hulikariri, na akiulizwa katika mtihani hupata alama yake. Afikapo chuo kikuu, neno lilo hilo humrudia katika mhadhara wa semantiki, na tena katika mhadhara wa sarufi likiwa mfano wa upatanisho: mbuzi huyu amekufa, mbuzi hii imevunjika. Mwanafunzi huyo huweza kuhitimu kwa shahada ya kwanza, hata ya uzamili, bila kuwahi kuikalia mbuzi yenyewe wala kuitia machoni.

Kosa si lake. Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili nchini wametoka sehemu za bara ambako mnazi haumei na tui hununuliwa likiwa katika paketi. Hata hivyo, hali hii yafaa kutafakariwa kwa makini, kwa kuwa haihusu mbuzi peke yake. Kawa, kifumbu, kata, upawa, ukili, gudulia, pishi na kibaba ni maneno ambayo kwa wasomi wengi huishi kamusini na katika vitabu vya methali tu. Makala haya yanashikilia kwamba vyombo vya nyumbani vilivyoundwa kwa mkono ni sehemu ya elimu ya Kiswahili sawa na tungo zake, na kwamba anayeipuuza sehemu hiyo hujinyima chemchemi ya fikra, ya lugha na ya utunzi iliyo karibu naye kila siku.

Hekima Iliyomo Chomboni

Yafaa kuanza na mbuzi yenyewe. Ni mbao mbili zilizopishana mfano wa mkasi, na mbele yake hutokeza ulimi wa chuma wenye meno. Mkunaji huikalia. Jambo hili laonekana dogo, kumbe ndilo siri ya kifaa chote: uzito wa mtu ndio unaokishikilia kifaa kisisogee, na kwa hiyo mikono yote miwili huwa huru kukizungusha kifuu juu ya meno ilhali machicha yakianguka katika sinia iliyotegwa chini. Hakuna parafujo wala kibanio. Kazi ikiisha, mbuzi hukunjwa ikawa bapa na kuegemezwa ukutani. Mtu aliyewahi kuingia katika chuo cha Kurani atatambua kwamba namna hiyo ya kupishanisha mbao inakaribiana sana na ile ya marufaa, kile kibao cha kukunjua ambacho msahafu huwekwa juu yake. Fikra moja ya ufundi imemhudumia msomaji na mpishi.

Kata na upawa navyo vina somo lake. Vyote viwili ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Kata huachwa na kina kirefu kwa kuwa kazi yake ni kuteka maji mtungini, na upawa hukatwa ukawa na kina kifupi kwa kuwa kazi yake ni kupakua mchuzi. Tofauti ya kina ndiyo iliyozaa tofauti ya jina. Mwanafunzi anayekariri kwamba kata ni chombo cha kuchotea maji na upawa ni aina ya mwiko hajakosea, lakini hajaelewa kwa nini lugha ilihitaji maneno mawili mahali ambapo mgeni angeona kifuu kimoja.

Hali kadhalika, gudulia hupoza maji bila umeme kwa sababu udongo wake una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi nje, hugeuka mvuke na kuondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Kwa sababu hiyo mfinyanzi wa gudulia hapaswi kulipaka rangi ya kuziba vitundu hivyo, hata kama lingependeza zaidi. Uzuri wake umo katika kazi yake. Nao mkeka wa ukindu hausukwi wote kwa mara moja kama wengi wanavyodhani. Ukindu huchanwa, hukaushwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, kisha husukwa ukanda mrefu uitwao ukili. Ukili huo ndio unaoshonwa ukingo kwa ukingo hadi mkeka ukapatikana. Msukaji hana budi kuona mkeka mzima akilini mwake wakati mkononi ana utepe usiozidi upana wa kiganja, la sivyo mapambo hayatalingana utakapofika wakati wa kushona.

Vyombo hivi havikuundwa na mtu mmoja aliyeketi siku moja akabuni. Viliundwa na vizazi vya watu waliotumia, wakaona kasoro, wakarekebisha. Kila kilichozidi kimeondolewa, na kilichobaki kina sababu. Wahenga walilijua hilo waliposema kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hiyo hufundishwa kwa maana ya jahazi na madau, na ndivyo inavyostahili. Lakini ikumbukwe kwamba neno lililofichika katika kiambishi kile cha "vi-" ni vyombo, na Kiswahili hakikutofautisha kwa jina kinachoelea baharini na kinachotulia jikoni. Vyote ni vyombo, na vyote vimeundwa.

Mkono Uliofundisha Ulimi

Mwanafunzi wa fasihi huweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Jibu limo katika istilahi anazozitumia kila siku. Anapoeleza mpangilio wa matukio katika riwaya husema msuko, na neno hilo limetokana na kusuka, kazi ya ukili na ya nywele. Anapomtaja mshairi husema mtunzi, na kutunga ni kupitisha uzi katika shanga moja baada ya nyingine. Anapojadili fani husema muundo, na kuunda ni kazi ya mafundi wa majahazi. Hata fasihi yenyewe huifafanua kuwa ni sanaa itumiayo lugha, kisha akalisahau neno sanaa palepale, kana kwamba sanaa ilianza na kuishia katika maneno. Lugha yake ya uhakiki imekopwa kutoka karakana, ila mkopo wenyewe umesahaulika.

Watangulizi hawakuitenga kazi ya mkono na kazi ya kalamu. Muhamadi bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, anakumbukwa na wanafunzi kwa utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga mwaka 1913. Wachache hukumbuka kwamba mtu yuyo huyo alikuwa mnakili mwenye hati nzuri na mchonga mbao stadi. Si muhali kuona kwamba jicho lililozoea kupima nafasi ya ua katika ubao ndilo lililopima mizani ya mshororo. Naye Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka katika Al-Inkishafi kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyoanguka, hakutegemea majina ya watawala tu. Aliwaingiza wasomaji katika majumba na kuwaonyesha vidaka vya ukutani, vilivyokuwa vimepangwa vyombo vya kauri, vikiwa vimegeuka viota vya ndege. Msomaji asiyejua kidaka ni nini, kilijengwa wapi ndani ya nyumba na kilipangwa nini, husoma ubeti huo kwa macho tu. Anayejua huona nyumba nzima ikiporomoka ndani ya tundu moja la ukuta.

Methali nazo ni hivyo hivyo. Jifya moja haliinjiki chungu ni fumbo kwa mtu aliyelelewa na jiko la gesi, lakini kwa aliyewahi kupanga mafiga matatu ni ushahidi usiohitaji maelezo. Haba na haba hujaza kibaba ni maneno matamu yenye vina, hadi mtu ajue kwamba kibaba ni kipimo halisi cha nafaka na kwamba vibaba vinne ndivyo pishi. Hapo huelewa kwamba methali hiyo haikuahidi utajiri. Iliahidi robo pishi tu, chakula cha siku, na hekima yake inazidi kuwa ya kweli kwa kuwa ahadi yake ni ndogo.

Hazina ya Istilahi

Liko jambo jingine lenye uzito kuliko starehe ya kusoma. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, na tangu hapo haja ya istilahi katika sheria, sayansi na teknolojia imezidi kuongezeka. Istilahi hutoka wapi? Nyingine hukopwa, nyingine hutafsiriwa sisisi hadi zikawa sentensi badala ya maneno. Lakini zile zilizopokewa na watu bila kushurutishwa, aghalabu zimetoka katika vyombo vya nyumbani.

Mtungi wa udongo umeadimika katika nyumba za mijini, lakini neno mtungi halikufa. Limehamia katika mtungi wa gesi, kwa kuwa aliyelihamisha aliliona tumbo pana na shingo nyembamba, akajua kwamba ni umbo lilo hilo. Kinu cha kutwangia kimetoweka jikoni, lakini vyombo vya habari husema kinu cha nyuklia, na msikilizaji huelewa kwamba humo kuna kitu kinachovunjwavunjwa kwa nguvu ili kitoe manufaa. Kigoda, kiti kifupi cha kukalia mekoni, kimepanda hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Nalo jamvi hutandikwa na kukunjwa kila siku redioni, ingawa studio haina hata jani la mkoma.

Maneno hayo yalisafiri kwa sababu waliyoyahamisha walivijua vyombo vyenyewe: umbo, kazi na namna ya kuvishika. Hapa ndipo penye hatari. Kizazi cha waundaji istilahi kisichojua kifumbu hakitaweza kukitumia kifumbu kuitia jina mashine mpya ya kukamua na kuchuja. Kitakopa au kitatafsiri, si kwa sababu Kiswahili ni maskini, bali kwa sababu ghala limefungwa na aliyekabidhiwa ufunguo hajui ghala liko wapi.

Si Pwani Pekee

Ingekuwa makosa kudhani kwamba haya ni mambo ya Lamu na Mombasa tu, na kwamba mwanafunzi wa Machakos, Bomet au Busia ni mgeni kwayo. Kiondo ni mfano mwema. Ni kikapu cha akina mama wa Ukambani na Ugikuyu, kilichosukwa kwa nyuzi zilizopotwa kwa mkono, na jina lake limeingia katika Kiswahili cha Kenya bila kuomba ruhusa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, wengi waligundua kwamba jawabu la tatizo lao lilikuwa limening'inia ukutani kwa nyanya zao miaka yote hiyo. Kibuyu cha maziwa cha wafugaji wa Bonde la Ufa, kinachosafishwa kwa makaa ya mti maalumu ili maziwa yapate ladha na yasiharibike upesi, nacho ni chombo chenye elimu ndefu. Ni nani aliyekwisha kukusanya kwa Kiswahili msamiati wa usafishaji huo?

Wala si mambo ya kale tu. Jiko la makaa lenye kauri ndani, linalopatikana katika nyumba nyingi za Kenya, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jiko la bati lililotangulia lilipoteza joto kwa kila upande. Hilo jipya likatiwa kikombe cha udongo uliochomwa ili joto libaki penye sufuria, na bati la nje likapewa kiuno chembamba na kitako kipana ili lisipinduke ugali unaposongwa. Mafundi wa jua kali wa Nairobi walishiriki katika kulirekebisha hadi likawa rahisi kutengeneza kwa nyundo na patasi, na mtindo wake ukaenea katika nchi nyingine za Afrika. Jiko hilo hupunguza makaa yanayotumika, hivyo limeokoa fedha za maskini na miti ya misitu. Hata hivyo, ni vigumu kumpata mwanafunzi wa Kiswahili awezaye kuzitaja sehemu zake kwa majina wanayotumia mafundi wanaozigonga usiku na mchana, pengine si mbali na lango la chuo chake.

Thamani ya vitu hivi hutambuliwa na wengine mapema kuliko wenyewe. Mwaka 2007 Wakenya walishtuka kusikia kwamba kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imeomba kulisajili jina la kikoi, kwa tahajia ya "kikoy", kuwa alama yake ya biashara. Ombi hilo lilipingwa, na hatimaye likaachwa. Funzo lake halipaswi kuachwa. Kitu kisichoandikwa na wenyewe huandikwa na wageni kwa jina lao.

Pingamizi na Majibu Yake

Wapo watakaosema kwamba huku ni kulilia yaliyopita. Watauliza ni nani aliye tayari kurudi kwenye kinu, ilhali mashine husaga debe zima kabla mwanamke hajamaliza kutwanga pishi moja. Pingamizi hili ni la haki. Kazi ya kinu na ya mbuzi iliangukia mabega ya wanawake na wasichana, na saa walizotumia kutwanga na kukuna ni saa walizokosa kusoma. Anayekisifu kinu bila kuutaja mgongo wa aliyetwanga husifu nusu ya ukweli.

Lakini kukijua chombo si kukirudia. Hakuna anayemtaka msomi wa Al-Inkishafi ahamie katika magofu ya Pate. Kinachodaiwa ni kwamba chombo kisomwe kama matini inavyosomwa: pamoja na uzuri wake, shida yake, aliyekiunda na aliyekitumia. Msichana aliyekuna nazi kila jioni anajua kuhusu mbuzi jambo ambalo kamusi haikuandika, na sehemu ya jambo hilo ni maumivu ya kiuno. Hayo nayo ni maarifa, na yana maneno yake.

Wengine watasema kwamba ufundi ni kazi ya idara ya sanaa au ya makavazi, si ya idara ya Kiswahili. Hao hawana budi kukumbushwa kwamba makavazi huhifadhi kitu, hayahifadhi kitenzi. Mkeka huweza kuwekwa nyuma ya kioo kwa miaka mia moja. Kuchana, kusuka na kushona, pamoja na majina ya kasoro zinazomfanya mwalimu wa kusuka kufumua kazi ya mwanafunzi wake, hufa siku ambayo msukaji wa mwisho anazikwa.

Yapasayo Kufanywa

Mambo yanayowezekana ni mengi na hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, mwanafunzi anapokwenda nyumbani likizoni, achague fundi mmoja, awe msukaji, mfinyanzi, mchongaji au mgonga bati, na aorodheshe msamiati wa kazi yake: malighafi, zana, sehemu za chombo, vitenzi vya kila hatua na majina ya makosa. Orodha thelathini za namna hiyo kutoka kaunti mbalimbali zingekuwa mwanzo wa kamusi ambayo haijaandikwa. Fundi huyo atajwe kwa idhini yake, na alipwe kwa muda wake, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wa somo hilo.

Pili, kila idara itenge rafu moja yenye mbuzi, kata, upawa, kifumbu, kawa, ungo, kibaba, kiondo na jiko. Vyote hivyo hupatikana sokoni. Mhadhiri wa semantiki anayeingia darasani na kata katika mkono mmoja na upawa katika mwingine atafundisha uwanja wa kimaana kwa dakika tano, na hapana atakayesahau.

Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huiadhimisha tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, kwa mashairi, hotuba na maigizo. Si vibaya. Lakini siku hiyo ingekamilika zaidi kama mfinyanzi na msukaji wangeketi jukwaani kando ya mshairi, kila mmoja akaeleza kwa Kiswahili chake namna kazi yake inavyoanza na inavyojulikana kuwa imekwisha. Huenda mshairi akatoka hapo na tamathali zisizochakaa, badala ya zile za waridi na asali ambazo zimetumika hadi zimepauka.

Kalamu haipungukiwi na chochote kwa kujifunza kutoka mkononi. Siku moja mwanafunzi wa Kiswahili ataikalia mbuzi, akizungushe kifuu, aone machicha meupe yakijaa siniani, ajikwaruze kidole, na asikie kiuno kikilalamika. Akiinuka hapo, kitawe alichokikariri shuleni kitakuwa kimekuwa chake. Na akipita tena penye methali ya vyombo vinavyoelea, ataulizia mikono iliyoviunda.